Gatumba: Mauaji ambayo hayakupata tribinali

Leo tuongee juu ya Gatumba. Kutoka mpaka wa Kavimvira hadi pale ni mwendo mfupi tu kwenye barabara ya Bujumbura, lakini jina hilo bado linafanya watu wa Uvira washushe sauti.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, watu wenye silaha waliingia katika kambi ya wakimbizi ya HCR wakiimba na kupiga ngoma. Walipiga risasi, wakarusha guruneti, wakachoma hema. Umoja wa Mataifa ulihesabu maiti 152, wengi wao Banyamulenge, wengi wanawake na watoto. Wabembe pia walikuwemo. Hema za Warundi waliorudi kwao, zilizokuwa karibu, hazikuguswa. Askari wa Burundi walikuwa na kambi jirani, hawakuja kuokoa.

Walifikaje pale? Mwishoni mwa Mei Kolonel Jules Mutebutsi aliasi Bukavu, na tarehe 2 Juni Jenerali Laurent Nkunda akauteka mji. Hasira ya watu haikuwafikia wenye bunduki. Iliangukia mwalimu, mchunga ng'ombe na mama wa soko, kwa kuwa tu ni wa kabila moja nao. Maelfu wakavuka mpaka. Tena hasira ile ilikuwa na mizizi: sheria ya uraia ya 1981, iliyomfanya jirani aitwe mgeni hapo alipozikwa babu yake, na makaburi ya Kasika 1998, Makobola mwishoni mwa 1998 hadi mwanzoni mwa 1999, Katogota 2000. Nani alihukumiwa kwa wafu hao? Kila kabila lilibaki na maiti zake, na hesabu yake.

Kesho yake kundi la waasi wa Burundi, FNL, lilijitangaza kwa mdomo wa msemaji wake, Pasteur Habimana, kwamba ndilo lililoshambulia. Kwa sheria, maneno hayo yalitosha kufungua faili. Lakini mwaka 2006 FNL ikaweka saini ya kusimamisha vita, wapiganaji wake wakapewa kinga ya muda, baadaye likawa chama cha siasa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa usiku ule.

Tulinganishe na ng'ambo ya ziwa. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, watu zaidi ya 220 wakafa. Mwaka 2001 tribinali ya New York ilihukumu watu wanne, kila mmoja kwa jina lake. Waislamu wengi walishukiwa bure, ni kweli, lakini faili ilikuwa na majina. Ya Gatumba haina jina la aliyehukumiwa, basi kila mtu anaandika jina analolitaka: Wafuliiru, Wabembe, Warundi wote.

Miezi mitatu baada ya Gatumba, Novemba 2004, Kongo ilipata sheria mpya ya uraia. Karatasi ilitengenezwa, barabarani mtu bado anaulizwa kwao ni wapi.

Waliookoka, wengine wakiishi sasa Marekani, hukumbuka wafu wao kila tarehe 13 Agosti. Makobola hukumbuka wao tarehe 30 Desemba, siku mauaji yalipoanza. Machefu mnaonisikia, ni wangapi kati yenu mmewahi kuhudhuria siku zote mbili?