Nukta Ambayo Hakuna Aliyeiona

Mwalimu agusapo ubao kwa chaki husema: "Hii ni nukta." Lakini vumbi lile lina urefu, upana na unene. Euclid, Myunani aliyeandika jiometri yake yapata miaka 300 kabla ya Kristo, alisema nukta ni kitu kisicho na sehemu. Nani amekiona? Hapa Likasi, mji ulioitwa Jadotville hadi 1966, tumeshika mawe ya shaba ya kila ukubwa, nukta hatujaishika.

Swali hili ni la kale. Aristotle alifundisha kwamba mstari haufanywi kwa nukta. Nukta mbili zikigusana, kwa kuwa hazina kando, huwa mahali pamoja. Basi hata elfu hazizai urefu. Mtakatifu Thoma wa Akwino (1225–1274) alilifafanua fundisho hilo.

Katika karne ya 19 Mrusi Lobachevsky alitaka kuianzisha jiometri kwa vitu vizima na kugusana kwao. Mwingereza Whitehead, tangu kitabu chake cha 1919, akaonyesha njia nyingine: sehemu ndani ya sehemu, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia. Kitunguu humenywa kikaisha; mfululizo huu hauishi. Nukta ni jina la mfululizo wenyewe.

Mwaka 1929 Mpolandi Tarski akatoa maandishi yaliyo kamili zaidi. Alianza na mipira tu, na neno "sehemu ya". Kwa hayo akaeleza ni lini mpira mmoja umo katikati ya mwingine sawasawa pande zote. Kundi lote la mipira ya namna hiyo, mikubwa na midogo, ndilo aliloliita nukta. Kutoka hapo, pamoja na kanuni chache, hupatikana jiometri ile ile ya Euclid.

Basi tuwaondolee watoto nukta? Hapana. Njia ya mipira ni ndefu, nayo nukta ya ubaoni yafupisha kazi. Lakini mtoto akiuliza, "Iko wapi?", tusimkemee. Thoma alifundisha kwamba maarifa yetu huanzia katika hisi. Tumpe jiwe mkononi kwanza, kisha tumwonyeshe jinsi akili ipandavyo kutoka jiwe hadi nukta. Anayekubali neno asilolielewa hajajifunza bado, iwe katika hesabu au katika katekisimu.