Habari za Mafundisho ya Sayansi katika Lugha Mbili

Katika kitabu hiki cha Yubilee wasomaji watakuta habari nyingi za makanisa yaliyojengwa na za watu walioyajenga. Sisi tumepewa kuandika habari za shule, nasi tumechagua jambo moja tu, maana ndilo linalowasumbua watoto wetu na walimu wao hata leo: namna ya kumfundisha sayansi mtoto ambaye bado anajifunza Kiingereza. Jambo hili si la jana. Lina historia yake, na aijuaye historia hiyo hatafanya haraka kumwita mtoto mjinga.

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Edward Steere walifika Unguja. Sultani akawapa watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misioni pale. Walimu hawakujua lugha ya watoto, wala watoto hawakujua Kiingereza. Steere hakungoja watoto wajue Kiingereza ndipo aanze kuwafundisha. Alikaa akasikiliza, akauliza jina la kila kitu, akaandika. Hata mwaka 1870 kitabu chake cha kuwafundisha wageni Kiswahili kikapigwa chapa. Twataka msomaji aliangalie sana jambo hili: katika shule ile mwalimu ndiye aliyetangulia kuwa mwanafunzi.

Zamani za Wajerumani Kiswahili kilikuwa lugha ya shule za serikali. Waingereza walipotawala Tanganyika, desturi ikawa madarasa ya chini kusoma kwa Kiswahili na ya juu kwa Kiingereza. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita katika Afrika ya Mashariki, na mmoja wa wajumbe wake alikuwa Dr. Aggrey, Mwafrika wa Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana. Tume ilishauri kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha yake mwenyewe, tena afundishwe mambo yamfaayo nyumbani, kama afya na kilimo. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili, na mwaka 1939 kamusi yake ikatoka. Basi lugha ilipata kamusi. Lakini sayansi ya madarasa ya juu ilibaki katika Kiingereza.

Baada ya Uhuru mpaka ule ulisogezwa, haukuondolewa. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Hapo mtoto alisoma habari za mimea, maji na hewa kwa lugha aliyoielewa. Lakini alipoingia kidato cha kwanza alikuta habari zile zile zimevaa nguo nyingine, naye hakuzitambua. Jana alikuwa hodari wa kujibu, leo amenyamaza.

Wakubwa waliuona ukimya huo. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta ilishauri kwamba Kiswahili kiingie shule za sekondari kuanzia mwaka 1985. Shauri hilo halikufuatwa. Mwaka 1984 wachunguzi wawili, Criper na Dodd, walitoa taarifa kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kusomea masomo mengine. Lakini dawa waliyoitaja ilikuwa kukitia nguvu Kiingereza chenyewe. Mwaka 1987 ukaanza mpango wa kufanya hivyo kwa msaada wa Uingereza. Mwaka 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia, ili asiwepo wa kusema kwamba Kiswahili hakina maneno. Tangu hapo maneno yapo. Na mitihani ya sayansi ya sekondari ingali kwa Kiingereza.

Basi mwalimu afanye nini, naye amesimama katikati? Kwanza aujue ugumu ulipo. Watu hudhani ugumu ni maneno marefu. Sivyo. Neno refu la kigeni humshtua mtoto, naye huuliza maana yake. Neno fupi analolijua ndilo limpotezalo. Mtoto wa parokia amelisikia neno “mass” likitajwa kwa Misa. Katika fizikia neno hilo hilo ni tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu. Neno “work” analijua kuwa ni kazi. Lakini mwanafizikia asema kwamba aliyesimama kutwa na gunia kichwani bila kuliinua wala kulisogeza, gunia lile hakulifanyia kazi yo yote. Mchukuzi gani atakubali, asipofafanuliwa? Tena Kiswahili cha nyumbani huita nguvu vitu ambavyo fizikia huvitenga: kani, nishati, na kasi ya kufanya kazi. Mtoto akikosa hapo, hakukosa akili. Amekosa kuonyeshwa mpaka wa maneno.

Pili, kitu kitangulie jina. Twamjua mwalimu mmoja aliyeleta darasani muhogo mbichi, chumvi na chupa ya iodini. Akatia tone juu ya muhogo, likageuka rangi ya samawati iliyoiva hata kuwa kama nyeusi. Akatia tone juu ya chumvi, likabaki na rangi yake ya hudhurungi. Hakusema neno. Watoto wakaanza kubishana kwa Kiswahili: wengine wakasema ni utomvu, wengine ni wanga. Wakaomba kujaribu ugali, wakajaribu wali na sukari. Walipokwisha kukata shauri kwamba ni wanga, ndipo alipoandika ubaoni jina la Kiingereza, na chini yake sentensi moja fupi ya kueleza yaliyotokea. Kila mtoto aliisoma, akainakili, akamweleza mwenzake. Siku ile Kiingereza kilikuwa mgeni aliyekaribishwa katika nyumba iliyokwisha kujengwa.

Kinyume chake twakikumbuka kibao. Katika shule moja tuliyosoma, aliyenena Kiswahili alivikwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Matunda yake yalikuwa nini? Tulijifunza kunyamaza. Na katika somo la sayansi anyamazaye hawezi kuuliza, na asiyeuliza hajaanza kujifunza.

Wazee wetu walisema, “Asiyejua maana haambiwi maana.” Huko barazani methali hii yafaa, mlangoni mwa darasa mwalimu ameitwa kuipinga, kwa kuwa kazi yake ni kumwambia maana yule asiyeijua.

Hatusemi Kiingereza kiachwe. Wazazi hukitaka, mitihani hukidai, na vitabu vingi vya elimu vimo ndani yake. Twasema kifundishwe kwa bidii katika kipindi chake, na katika kipindi cha sayansi kisiwe bawabu wa kumzuia mtoto mlangoni. Nanyi wazazi mna sehemu yenu, hata msiojua neno moja la Kiingereza. Jioni mwulizeni mtoto, “Leo mmejifunza nini?” Naye aeleze kwa lugha ya nyumbani. Akiweza kumweleza bibi yake kwa nini chuma hushika kutu, ameelewa. Lililobaki ni kutafuta maneno, na maneno hupatikana. Asipoweza, hata kama daftari limejaa Kiingereza, mwalimu na arudi mwanzo, aketi, asikilize, kama walivyofanya wa kwanza kule Unguja.