Jua la Chupani

Sisi tuliokulia pwani hatukufundishwa kulitafuta jua. Tulifundishwa kulikimbia. Saa saba mchana mama huita watoto waingie ndani, na mwenye safari hungoja lipungue makali. Ndiyo maana wengi wetu, tulipofika Uingereza na kuambiwa na daktari kwamba miili yetu imepungukiwa na vitamini inayotokana na jua, tulicheka kwanza. Kisha tukaenda duka la dawa tukakuta rafu nzima ya chupa, za bei ndogo na za bei kubwa, tusijue ipi ni ipi. Katika makala haya tungependa kueleza chupa hizo zilikotoka, maana ndani ya historia yake wamo watu weusi na wahamiaji kama sisi.

Ugonjwa ulioanzisha yote haya ni matege. Mifupa ya mtoto hukosa madini ya kuikaza, ikabaki laini, na anapoanza kutembea miguu hupinda kwa uzito wake mwenyewe. Mwaka 1650 daktari wa Kiingereza, Francis Glisson, alichapisha kitabu kizima juu ya maradhi haya, na kwa muda mrefu watu wa Ulaya waliyaita maradhi ya Waingereza. Karne ya 19 moshi wa viwanda ulipofunika miji, hali ikawa mbaya zaidi. Mwaka 1890 Theobald Palm, mmisionari na daktari aliyewahi kufanya kazi Japani, aliandika kwamba kinachokosekana ni jua tu. Wachache walimsikiliza.

Watu wa pwani za kaskazini ya Ulaya walikuwa na dawa yao ya kienyeji, nayo ni mafuta ya ini la samaki aitwaye kod. Msomaji aliyekulia karibu na majahazi ataikumbuka sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayopakwa mbao za chombo. Harufu zao ni ndugu, na watoto wa Kizungu waliyakimbia kama vile sisi tulivyokimbia jahazi lililotoka kupakwa.

Basi ikawa kitendawili. Mjini London, Edward Mellanby alifuga watoto wa mbwa ndani ya nyumba akiwalisha uji wa shayiri. Wakapata matege, na mafuta ya samaki yakawakinga. Mwaka 1919, huko Berlin, Kurt Huldschinsky aliponya watoto kwa mwanga wa taa tu, bila mafuta yoyote. Iweje chakula na mwanga viponye ugonjwa mmoja? Jibu lilipatikana hatua kwa hatua. Mwaka 1922, Marekani, Elmer McCollum aliyapasha moto mafuta hayo na kuyapitishia hewa hadi vitamini A ikafa, lakini bado yaliponya mifupa. Kumbe mlikuwa na kitu kingine, na kwa kuwa herufi A, B na C zilikwisha chukuliwa, kikaitwa D. Baadaye ikabainika kwamba ngozi nayo hukitengeneza kitu hicho hicho ikipigwa na jua.

Hapa ndipo tunapoingia sisi. Mwaka 1917, mjini New York, daktari Alfred Hess aliwapa mafuta ya samaki watoto wachanga wa mtaa wa watu weusi, ambako matege yalikuwa karibu katika kila nyumba, na wengi waliyoyatumia sawasawa wakasalimika. Rangi iliyotulinda na jua kali la kwetu huzuia pia mwanga hafifu wa ughaibuni, kwa hiyo ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kile kile. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya jadi, ukakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Uingereza huhesabu upungufu kuwa chini ya 25. Ngozi yetu haina kasoro yoyote, ila imehama.

Waingereza walijitibu vipi? Wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali iliamuru vitamini A na D zitiwe kwenye majarini, na kuanzia mwaka 1941 ikagawa mafuta ya samaki kwa watoto wadogo. Hakuna aliyeambiwa abadili mapishi ya mama yake. Lakini mwaka 1962 madaktari wa Glasgow walipotangaza kwamba matege yamerudi kwa watoto wa Kipakistani, maneno yalikuwa mengine. Kampeni ya taifa zima ya mwaka 1981 iliwahimiza Waasia wale na wavae kama Waingereza, na rai ya kutia vitamini D kwenye unga wa chapati haikukubaliwa. Sisi tunaona hapo palikuwa na dhuluma. Majarini ya mzungu ilitiwa dawa, unga wa mhamiaji ukatiwa lawama. Na dawa ilijulikana, kwani Glasgow yenyewe ilianza mwaka 1979 kugawa vitamini D bure kwa watoto wa Kiasia na matege yakapungua sana.

Mwaka 2016 ndipo ushauri rasmi ulipotutaja. Kila mtu Uingereza afikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku majira ya baridi, na wenye asili ya Afrika, pamoja na wanaojifunika mwili, mwaka mzima. Dada zetu wa buibui wanaingia mara mbili.

Kuhusu chupa yenyewe, D3 hupandisha kiwango katika damu vizuri kuliko D2. D3 nyingi hutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, na D2 hutoka kwenye hamira au uyoga. Mwenye kujali halali atazame ganda la kidonge, kwani jelatini huweza kuwa ya nguruwe.

Vitamini D haifanyi kazi peke yake. Nigeria kuna jua tele, na bado watoto walipata matege. Utafiti wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba walichokosa ni kalsiamu, na vitamini D pekee haikuwafaa kama kalsiamu ilivyowafaa. Kwa hiyo dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa na uji wa ulezi si vya kudharauliwa. Magnesiamu nayo huhitajika ili ini na figo ziigeuze vitamini D itumike, nayo imo kwenye korosho, maharage na mchicha. Vitamini K2 inasifiwa sana na wauzaji kuliko ushahidi uliopo, na anayetumia warfarin asiiguse bila daktari. Mjamzito naye aepuke mafuta ya ini la samaki, kwa sababu vitamini A iliyomo ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

Chupa inayosema uniti 400 na inayosema mikrogramu 10 zinasema kitu kimoja. Kuzidisha nako kuna historia yake. Baada ya vita, Uingereza ilitia vitamini D katika vyakula vingi vya watoto wachanga, baadhi yao wakaugua kwa kalsiamu kuzidi kwenye damu, na mwaka 1957 serikali ikapunguza viwango. Leo ukomo wa mtu mzima ni mikrogramu 100 kwa siku, yaani uniti 4,000, na madukani zipo chupa zinazopita hapo.