Somo la Historia: Bomu la Kuchimbia Ardhi

Ninyi mkaao Lushoto na Soni mnaijua barabara ipandayo kutoka Mombo, jinsi ilivyochongwa ubavuni mwa mlima. Kuchimba njia kama ile ni kazi kubwa. Basi walikuwapo wataalamu waliosema kwamba bomu la atomiki lingeweza kuchimba kwa nukta chache tu. Tuitazame habari yao.

Tarehe 6 Julai 1962, katika jangwa la Nevada, Waamerika walifukia bomu kina cha mita 194, wakalilipua. Shimo lililobaki lina upana wa mita 390 hivi na kina cha mita 100 hivi. Udongo ulihama kweli. Lakini vumbi lake lilikuwa na mionzi, na upepo ukalichukua hadi majimbo ya mbali. Mionzi haionekani wala hainuki. Hukaa udongoni na majini, nayo huweza kuleta saratani.

Warusi nao walijaribu. Mwaka 1966, huko Uzbekistan, waliuzima kwa bomu moto wa kisima cha gesi uliokuwa umewaka karibu miaka mitatu. Tuseme kweli, kazi hiyo ilifaulu.

Je, Afrika? Katika miaka ya 1970 palikuwa na shauri la kulipua mfereji Misri, ili maji ya bahari yaingie katika bonde la Qattara. Halikutekelezwa. Huko Algeria Wafaransa walikuwa wakijaribu silaha, si kujenga. Lakini watu wa milimani sikilizeni. Tarehe 1 Mei 1962 walilipua bomu ndani ya mlima, mahali paitwapo In Ecker, wakitumaini kwamba mwamba utalifungia. Kizibo cha handaki hakikushika. Moshi wenye mionzi ukatoka, hata mawaziri wawili waliokuja kutazama wakakimbia.

Waamerika waliacha milipuko hiyo ya kazi mwaka 1973, Warusi mwaka 1988. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, unakataza Afrika kila mlipuko wa nyuklia, hata ukisemwa kuwa ni wa kujengea. Tanzania imeuridhia. Tena Dar es Salaam kipo kituo kinachochuja hewa na kupima vumbi lake, kutafuta dalili za milipuko.

Kabla ya somo lijalo, jadilianeni darasani: maji ya milima ya Usambara huteremka mpaka wapi, na ni nani wayanywao?