Mito ya barafu na mawe inayoyaacha

Katika mabonde ya Mlima Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 3,300 juu ya usawa wa bahari, kuna matuta ya mawe na udongo ambayo hayakuletwa na mafuriko, wala hayakutokana na volkano iliyoujenga mlima huo. Yaliachwa na barafu. Leo barafu yenyewe imesalia vipande vidogo karibu na vilele, zaidi ya mita 1,000 juu ya matuta hayo.

Barani Afrika ni milima mitatu tu ambayo bado ina mito ya barafu: Kilimanjaro nchini Tanzania, Mlima Kenya, na safu ya Ruwenzori katika mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yote iko karibu na ikweta. Kinachoilinda barafu hiyo ni kimo, kwani joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kila mtu anapopanda mita 1,000.

Barafu huzaliwa vipi?

Mto wa barafu huanza mahali ambapo theluji ya mwaka mmoja haiishi kuyeyuka kabla ya kuangukiwa na ya mwaka unaofuata. Theluji mpya ni nyepesi, na sehemu yake kubwa ni hewa. Tabaka zinapopandana, zile za chini hushindiliwa kama pamba ndani ya gunia. Chembe hukaribiana, hewa hutoka, na hatimaye hupatikana pande gumu lenye rangi ya samawati, ambamo hewa iliyosalia imefungwa katika vipovu vidogo. Penye maji ya kuyeyuka kazi hiyo huweza kukamilika kwa miaka michache. Katika baridi kavu ya Antaktika huchukua mamia ya miaka, na pengine zaidi.

Unene unapofikia mita 30 hivi, barafu huanza kusogea kwa uzito wake wenyewe. Ingawa ni ngumu mkononi, chini ya shinikizo hutiririka polepole mithili ya uji mzito. Aidha, maji yakipenya kati ya barafu na mwamba, pande zima huteleza.

Hali ya mto wa barafu ni kama hesabu ya duka. Upande wa juu huingia theluji, upande wa chini barafu hupotea. Mapato yakizidi, ncha ya chini husonga mbele. Yakilingana na matumizi, ncha hukaa palepale, ingawa barafu ndani yake inaendelea kushuka. Yakipungua, ncha hurudi nyuma.

Msasa wa mlima

Barafu inayosogea haiendi mikono mitupu. Maji hupenya katika nyufa za mwamba, yakaganda na kuung'oa vipande. Vipande hivyo, vikiwa vimeshikwa chini ya barafu, huukwangua mwamba kama msasa unavyokwangua ubao, na kuacha michirizi inayoonyesha barafu ilielekea wapi. Mawe mengine huporomoka kutoka kwenye kuta za bonde na kubebwa juu ya mgongo wa barafu.

Baada ya maelfu ya miaka, bonde lililokuwa jembamba huchimbwa likawa pana lenye kuta zilizosimama, umbo linalofanana na herufi U. Bonde la Teleki katika Mlima Kenya ni mfano mmojawapo.

Mzigo hushushwa wapi?

Mto wa maji huchagua mzigo wake: kasi inapopungua hutua kokoto kwanza, kisha mchanga, na mwisho tope. Barafu haichagui. Inapoyeyuka huachia kila kitu pamoja, jabali kubwa kama nyumba likilala ndani ya udongo laini kama unga. Mchanganyiko huo ndio humjulisha mwanajiolojia kwamba mashapo anayoyatazama hayakuletwa na maji.

Matuta ya mashapo hayo huitwa moreni. Moreni za kando hufuata kingo za bonde. Mito miwili ya barafu ikiungana, kando zake hukutana na kufanya moreni ya kati. Moreni ya mwisho hujengeka mbele ya ncha iliyokaa mahali pamoja kwa muda mrefu, huku barafu ikileta mawe mapya bila kukoma.

Mara nyingine moreni huzuia maji na kufanya ziwa, kama Ziwa Mahoma lililozungukwa na moreni upande wa Uganda wa Ruwenzori, chini ya mita 3,000.

Kusoma mawe

Jabali likishaachwa wazi, miale kutoka anga za juu huanza kuzalisha ndani yake aina adimu ya elementi iitwayo berili. Kwa kupima kiasi chake, wanasayansi hukadiria jabali limekaa hapo miaka mingapi. Utafiti wa moreni za Ruwenzori uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa barafu ya huko ilianza kurudi nyuma takriban miaka 20,000 iliyopita.

Safari hii kasi ni nyingine. Kilimanjaro ilikuwa na takriban kilomita 12 za mraba za barafu mwaka 1912. Kufikia mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Barafu ya Lewis katika Mlima Kenya ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya mwaka 1934 na 2010. Makadirio ya mwaka 2002 kwamba barafu ya Kilimanjaro ingetoweka kati ya mwaka 2015 na 2020 hayakutimia. Hata hivyo, mwaka 2022 shirika la UNESCO lilionya kuwa barafu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya huenda ikawa imetoweka ifikapo mwaka 2050.

Maji ya wakazi wa chini ya Kilimanjaro hutokana zaidi na mvua inayonyesha katika misitu ya mlima kuliko barafu yake. Kinachopotea pamoja na barafu ni kumbukumbu ya hali ya hewa iliyofungwa katika tabaka zake. Ndiyo sababu mwaka 2000 kundi lililoongozwa na Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, lilichimbua nguzo za barafu kileleni na kuzihifadhi.

Mahali pengine watakaokuja watabaki na mawe tu. Nayo yana mpaka wake: moreni kubwa huhitaji ncha iliyotulia. Barafu inayorudi nyuma bila kusimama hutawanya mawe njiani, pasipo kujenga tuta la kuonyesha ilikofikia.