Pumba za mpunga: Lishe nono yenye hatari zake

KATIKA mji wa Ifakara, mkoani Morogoro, kila mashine ya kukoboa mpunga huacha nyuma yake lundo la pumba, na lundo hilo halikai sana kabla ya kuchukuliwa na wafugaji wa kuku, nguruwe na ng'ombe wa maziwa. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni humo. Anayefuga bandani hana budi kununua chakula, na katika nchi ya mpunga hakuna kilicho karibu zaidi ya pumba.

Utata huanza na jina lenyewe, kwa kuwa neno moja hubeba vitu viwili visivyolingana. Ganda la nje, ambalo ni takriban kilo 20 katika kila kilo 100 za mpunga, lina protini ya asilimia 2 hadi 4 tu na limesheheni silika, madini yale yale yaliyomo katika mchanga. Pumba laini, yaani utando wa kahawia unaofunika punje pamoja na kiini chake, hazizidi sana kilo 8 hadi 10, lakini humo ndimo ilimo hazina: protini asilimia 12 hadi 15, mafuta asilimia 13 hadi 18, na vitamini za kundi B kwa wingi. Mashine ndogo za hatua moja humenya na kukoboa kwa pamoja, hivyo mnunuzi hupewa mchanganyiko ambao sehemu kubwa yake ni maganda. Kuzisugua kwa vidole husaidia: pumba njema ni laini kama unga, ilhali maganda hukwaruza. Kuku aliyejazwa maganda hushiba bila kutaga, na mwenye kuku hulaumu mbegu ya kuku wake.

Mafuta hayo mengi ndiyo pia udhaifu wa pumba. Mara tu punje inapokobolewa, kimeng'enya kiitwacho lipasi hukutana na mafuta na kuanza kuyavunja. Kazi hiyo huanza ndani ya saa chache, na katika joto la bondeni haichukui muda mrefu pumba kutoa harufu kali ya kuchacha, mifugo ikaanza kuzisusa. Kuzipasha moto mapema hukidhoofisha kimeng'enya hicho. Asiyeweza kufanya hivyo ni heri anunue kidogo kidogo, na azitumie zikiwa mbichi.

Fosforasi imo tele, lakini sehemu kubwa imefungwa katika asidi ya faitiki, ambayo kuku na nguruwe hawawezi kuivunja vema. Kalisi, kinyume chake, ni haba mno. Kuku wa mayai anayelishwa pumba bila chokaa au maganda ya konokono hutaga mayai yenye maganda mepesi.

Ili kuongeza protini, wafugaji huchanganya pumba na mashudu. Ya alizeti, yatokayo zaidi Singida na Dodoma, hayana sumu kali ya asili, ingawa yale yasiyomenywa yana nyuzinyuzi nyingi. Ya pamba ni jambo jingine. Yana gosipoli, ambayo ng'ombe mkubwa huihimili kwa kiasi kwa msaada wa vijidudu vya tumboni, lakini ndama mchanga, nguruwe na kuku hudhurika nayo. Kiini cha yai huweza hata kugeuka rangi ya kijani iliyofifia. Huko Ulaya na Kanada tatizo la namna hiyo lilikuwa katika mashudu ya rapa, yenye glukosinolati zinazodhuru tezi ya shingoni. Wakanada walilipunguza kwa kuzalisha aina mpya ya mbegu katika miaka ya 1970, wakaiita kanola.

Hata hivyo, sumu ya kuogopwa zaidi haitoki kwenye mmea. Ni sumukuvu, itolewayo na ukungu katika chakula chenye unyevu. Dunia iliitambua baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka 1960, kutokana na mashudu ya karanga yaliyolishwa kwao. Nchini Tanzania, mwaka 2016, watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya kati, hasa Dodoma na Manyara, baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Ng'ombe akiila, asilimia 1 hadi 6 yake huweza kupita hadi kwenye maziwa, na hapo mlaji wa mjini, ambaye hajawahi kuliona banda, huwa mshirika wa gunia lililoloa.

Ukungu hustawi pale unyevu unapozidi takriban asilimia 13 au 14, kiwango ambacho pumba hukifikia upesi katika masika ya Kilombero. Magunia hupaswa kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu. Yaliyoshikana mabonge au kutoa harufu ya uvundo hayafai kulishwa mnyama yeyote, wala kuchanganywa na mazuri ili kuficha kasoro.