Theluji Iliyolala Juu ya Theluji

Msomaji, kama umepata kusimama Nyeri alfajiri isiyo na mawingu, yamkini umeuona weupe uliosalia kileleni mwa Kirinyaga. Kwa mbali theluji yaonekana tulivu, kama nguo iliyoanikwa. Watu wa Uswisi, waishio chini yake majira yote ya baridi, hawaitazami kwa jicho hilo. Wao wajua kuwa theluji ya mteremkoni yaweza kung'oka ghafula ikaporomoka bondeni, ikichukua miti, ng'ombe, na nyumba pamoja na waliomo.

Kinga yao ya kale ilikuwa msitu, maana miti iliyosongamana huishika theluji isianze safari. Mwaka 1397 wenyeji wa Andermatt, kijiji kilichomo katikati ya milima ya Alpi, waliandikiana hati ya kukataza mtu yeyote asikate mti katika msitu uliokuwa juu ya nyumba zao. Fikiri jambo hilo: katika nchi ya baridi kali kuni ni uhai, na miti i karibu na mlango, nao wakapatana wasiiguse.

Lakini msitu hauoti kila mahali. Mwezi wa Januari 1951 theluji ilianguka kwa siku nyingi mfululizo. Usiku wa tarehe 20 poromoko liliingia katika kijiji cha Vals likaua watu 19. Andermatt nayo ilipoteza watu 13. Katika majira hayo watu zaidi ya 260 waliangamia katika Alpi zote, 98 kati yao Uswisi. Tangu hapo vizuizi vya chuma vilijengwa kwa wingi katika miteremko iliyo juu ya vijiji.

Wakati huo walikuwako tayari wataalamu walioichunguza theluji yenyewe. Mwaka 1936 walianza kazi katika kibanda huko Weissfluhjoch, mahali penye kimo cha zaidi ya mita 2,600 juu ya mji wa Davos. Miongoni mwao alikuwako Henri Bader, mjuzi wa madini, na Robert Haefeli, mhandisi wa udongo. Walichimba mashimo, wakaisoma theluji tabaka kwa tabaka kama mtu afunuaye kurasa. Waliona kwamba theluji ikishaanguka haikai kama ilivyo. Karibu na ardhi pana joto kidogo, ilhali juu ni baridi kali. Basi mvuke hupanda, na chembe za chini hugeuka kuwa kubwa, kavu, zisizoshikana, mfano wa sukari. Upepo ukileta theluji mpya na kuigandamiza juu yake, hufanyika bamba zito lililolala juu ya sukari hiyo. Kwa nje huoni lolote.

Hapa ndipo habari inapogeuka. Zamani poromoko lilimfuata mtu nyumbani kwake. Siku hizi vijiji vina ulinzi mkubwa, na wengi wanaokufa ni watu waliopanda wenyewe, kwa furaha yao, wakiteleza kwa skii mbali na njia zinazolindwa. Katika ajali kama tisa kwa kila kumi za namna hii, bamba huvunjwa na uzito wa mhanga mwenyewe au wa mwenziwe. Mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 ndio wa hatari zaidi, na kwa bahati mbaya ndio upendezao kuteleza. Pengine theluji huonya: husikika mngurumo mzito chini ya miguu, kama kitu kinachoketi. Aliyefukiwa akitolewa katika dakika kumi za kwanza, mara nyingi huwa hai; ikipita nusu saa, waponao ni wachache. Ndiyo maana kila mmoja hubeba koleo, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na chombo kidogo cha redio chenye kutoa ishara.

Tangu mwaka 1993 nchi za Alpi hutangaza hatari kwa ngazi tano. Ungedhani vifo huwa vingi siku za ngazi ya nne na ya tano. Sivyo, siku hizo wengi hukaa nyumbani. Vifo vingi hutokea katika ngazi ya tatu, anga likiwa buluu, theluji ikiwa mpya, na mteremkoni pakiwa na alama za wenzao waliotangulia kupita salama.